Uso Usingoje Msiba

Kazi nyingi ninazoletewa Mbale, mashariki ya Uganda, huanza na picha ndogo ya pasipoti. Anayeileta huitoa kwenye bahasha, au katikati ya kurasa za Biblia au za Kurani, akaiweka mezani taratibu, kisha akaeleza anachotaka: ikuzwe, ichorwe kwa penseli au kwa rangi, itiwe kwenye fremu ya kioo. Sina haja ya kuuliza mwenye sura yuko wapi. Picha yenyewe huwa imeshasema. Kona moja imechanika kwa sababu ilibanduliwa kwenye fomu ya mkopo, au ni nakala ya kitambulisho cha taifa yenye michirizi ya mashine. Mwenye sura amekwisha kuzikwa, au msiba bado uko nyumbani na wafiwa wanatafuta kitu cha kuweka mbele ya jeneza.

Kazi hii ni ya heshima na ninaifanya kwa moyo wote. Nimeona watu wazima wakiipokea picha ya baba yao kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga. Hata hivyo, miaka ya kuchora watu kati ya Jinja na Mbale imenifikisha kwenye imani moja, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: sura ya mtu ichorwe angali hai, ameketi mbele ya mchoraji, anajua kwamba anatazamwa na ameridhia. Kuchora mtu ni makubaliano ya watu wawili, na marehemu hawezi tena kukubaliana na mtu.

Picha ya pasipoti hupigwa kwa mwanga wa mbele. Mwanga huo hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoeleza umbo: bonde la jicho chini ya nyusi, ubavu wa pua, shavu lililobonyea la mtu aliyepoteza magego. Anayepigwa huamriwa avue kofia, afunge mdomo, asicheke, atazame mbele. Picha hiyo imekusudiwa afisa wa mpakani Malaba au karani wa benki amtambue mtu kwa haraka, na kwa kazi hiyo inatosha. Mjukuu anayetaka kumjua babu yake anahitaji kitu kingine. Ninapoikuza hadi kifua na mabega, sehemu kubwa ya ninachochora ni kukisia. Familia hutazama na kushukuru, nami najua ni wapi nilipokisia: sikio lililomezwa na mwanga, unene wa shingo, namna mdomo ulivyokuwa ukianza kucheka.

Jinja ndiyo iliyonifundisha kuchora watu walio kazini. Barabara kuu ya mji ule ina majengo ya zamani ya wafanyabiashara Wahindi, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi umeandikwa juu kabisa penye paji la jengo, na mbele yake kuna baraza ndefu zenye nguzo. Chini ya baraza hizo mwanga huingia kutoka upande mmoja tu, wa barabarani, na hilo ni jambo kubwa kwa mchoraji. Upande mmoja wa uso unawaka, wa pili unatulia, umbo lote linasomeka. Mafundi cherehani huketi humo kutwa. Fundi cherehani ni mtu mzuri wa kuchora, maana mwili wake umetulia, kichwa kimeinama, na mikono peke yake ndiyo inayotembea.

Chombo changu huko ni daftari lisilo na mistari na kalamu ya biki. Penseli ina kifutio, na kifutio humpa mchoraji nafasi ya kuahirisha uamuzi. Mstari wa biki ukishakaa umekaa. Hukulazimisha utazame mara mbili kabla ya kugusa karatasi, na mstari wa kwanza usipotosha unaweka wa pili kando yake, na mwili wa mtu hutokea katikati ya mistari hiyo miwili ukiwa na uhai. Tena biki haiwatishi watu. Ni kalamu ya shule, ya risiti na ya daftari la madeni. Kila mtu ameishika.

Ukishuka Masese, kwenye mwalo wa wavuvi, kazi ni nyingine. Wanawake huanika mukene, wale dagaa wa ziwa letu la Victoria, juu ya nyavu zilizotandazwa chini, kisha huinama juani kuwageuza na kuondoa majani na mchanga. Nilimwendea mmoja wao, mama wa makamo, nikamsalimu kwa Kisoga. Akanijibu kwa Kiswahili cha Walukuba, mtaa wa wafanyakazi ambako lugha hiyo imekaa tangu viwanda vilipokusanya watu wa kila upande.

“Mama, naomba nikuchore ukiendelea na kazi yako.”

“Utamuuzia nani?”

“Simuuzii mtu. Moja ni ya daftari langu, ya pili yako.”

“Haya. Lakini uchore na mikono. Hawa wanaokuja na simu wanachukua uso, mikono wanaiacha, na mikono ndiyo inafanya kazi.”

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkono wa mtu aliye kazini hausimami, na anayeukimbiza kwa kalamu hataushika. Lakini kila kazi ina mzunguko wake: mkono uliokwenda hurudi ulipotoka. Nikachagua mahali pamoja, pale gumba linapokutana na kidole cha shahada kubana jani, nikawa nausubiri mkono urudi pale, nikiongeza mstari mmoja kila uliporudi. Magamba madogo yalikuwa yamegandia kwenye vifundo vya vidole, yakimeta. Ukucha wa gumba ulikuwa umelika upande mmoja kwa kuparuza nyavu. Vidole vyenyewe sikuvichora. Nilichora giza lililo katikati yake, navyo vikatokea.

Nilipomwonyesha, alitazama kwa muda mrefu. “Uso ni wangu,” akasema. “Vidole hivi ni vya mtu aliyepumzika.” Akanyoosha mkono wake juu ya daftari ili nione viungo vilivyovimba na kidole cha mwisho ambacho hakinyooki tena. Nikauchora pembeni ya ukurasa huku ameushikilia mbele yangu, akinielekeza. Mchoro ule wa pembeni una nguvu kuliko wa katikati, na nusu yake ni kazi yake yeye. Aliye hai humsahihisha mchoraji. Hili ndilo tunalolikosa tunapongoja msiba.

Kwenye bustani ya chimbuko la Nile, papo hapo Jinja, ipo sanamu ya kichwa na kifua cha Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 kwa kumbukumbu ya sehemu ya majivu yake iliyomwagwa mtoni mwaka 1948. Watalii huipiga picha kila siku, na ni haki yake. Mtu mashuhuri hakosi wa kumchonga. Wasiwasi wangu ni juu ya mama wa mukene na fundi cherehani, ambao wakiondoka hawaachi sura popote ila kwenye mafaili ya serikali.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba mambo ya kuchora nyuso ni ya wageni. Naye ana ushahidi: ukitoka Mbale kwa barabara ya Soroti utafika Kumi, na karibu na mji huo iko miamba ya Nyero, yenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe. Inayovuta macho pale ni miduara, mmoja ndani ya mwingine, na maumbo marefu ambayo wengi huyaona kuwa mitumbwi. Waliochora Nyero hawakuacha sura ya mtu unayeweza kusema huyu ni fulani. Vivyo hivyo wazee wetu wa Bugisu walimhifadhi marehemu kwa njia nyingine: jina lake lilirudi kwa mtoto aliyezaliwa, na mtoto akabeba ukoo. Hizo ni njia za heshima, na sitaki zipotee.

Lakini uso haukuwa mgeni kwa mikono ya watu wa ziwa hili. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza la Luzira, karibu na Kampala, walifukua vipande vya udongo wa kuchomwa, na katika vipande hivyo mlikuwa na kichwa cha mtu: macho mazito, mdomo uliofungwa, mtazamo wa mtu aliyefikiri kabla ya kukaa. Kichwa hicho kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Hatujui jina la aliyefinyanga wala la aliyefinyangwa. Ninapokitazama kwenye picha za vitabu, naona kazi ya mfinyanzi aliyejua kutazama.

Shule yetu ya sanaa nayo ilisitasita mbele ya uso. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwafundisha wanafunzi kwa kuwasimulia. Aliwaeleza tukio kwa maneno, sokoni au njiani au katika hadithi, nao wakachora walichokiona akilini mwao. Hakutaka waanze kwa kunakili mwili wa mtu aliyeketi mbele yao kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vya Ulaya. Mwaka 1958 nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, na huyo akaleta mafunzo ya kuchora kwa kumtazama mtu hai, pamoja na nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia. Waliohitimu chini ya wawili hao walibeba mikono miwili tofauti.

Mtazame Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, aliyesoma na kisha kufundisha Makerere, na ambaye baada ya uhuru wa Tanganyika alikuwa balozi London. Watu katika picha zake ni wadogo na wengi, wanavuna, wanabeba, wanasindikiza, na mara chache utamjua mmoja kwa uso wake. Jamii ndiyo iliyochorwa. Mtazame na Gregory Maloba, Mkenya aliyeanza chini ya Trowell, aliyechonga Sanamu ya Uhuru ya Kampala mwaka 1962: mama aliyezungushiwa kamba za nguo mwili mzima, anamwinua mtoto ambaye mikono yake iko juu. Mama yule ni taifa. Nawaheshimu wote wawili, na kwa sababu wao walishachora jamii na taifa, sisi tuliokuja nyuma tumeachiwa kazi ya kuchora mtu mmoja mmoja kwa jina lake.

Mbale ndiko kazi hiyo inakokuwa ngumu na tamu zaidi. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi Agosti, tohara ya imbalu hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya mji. Ngoma za kadodi husikika kutoka mtaa hadi mtaa, na vijana hupita kwa jamaa zao wakicheza, kengele zikilia mapajani, shanga kifuani, unga na tope usoni. Hapo biki haifai. Natumia makaa, tena ya kujitengenezea: vijiti vyembamba vinapangwa ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja, kopo linawekwa motoni, na moshi unapoacha kutoka tunduni makaa yameiva. Makaa ya jikoni ni magumu na hukwaruza karatasi, lakini haya ya vijiti hukubali kusukumwa kwa kidole. Mstari mmoja wa mkono unaanza mweusi begani na unaisha kama vumbi kwenye kifundo, na ngoma imeingia kwenye karatasi.

Karatasi yangu huko ni ya kaki, ile ya kufungia bidhaa. Ngozi inapata rangi yake kutoka kwenye karatasi yenyewe, makaa yanaleta kivuli, na chaki nyeupe inabaki kwa ajili ya unga. Unga ule huwa umekauka na kupasuka pale uso unapokunja, kwenye paji na pembeni mwa mdomo, kwa hiyo kila ufa unakuonyesha msuli ulio chini yake. Kijana wa imbalu hufunzwa kutoonyesha hofu, macho hayapepesi. Chini ya unga, hata hivyo, taya linasema. Nimejifunza kuanza na taya.

Kisu sikichori. Nimewahi kuombwa, na wapo wanaopiga picha hatua hiyo na kuirusha mtandaoni. Kijana yule anatazamwa na ukoo wake kwa saa ile, na ukoo wake unatosha. Ninachora safari ya kuelekea pale, na baadaye, akishapona na kukubali, namwomba akae kwenye kiti nimchore akiwa mtu mzima. Picha hizo mbili, ya makaa na ya rangi, huwekwa pamoja ukutani, na mama zao huzipenda kuliko picha za simu.

Kwenye rangi ndiko tunakokutana na deni la dunia kwa ngozi yetu. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliuza kalamu ya rangi ya waridi hafifu ikiitwa rangi ya ngozi hadi mwaka 1962, ilipolibadilisha jina hilo. Mpaka leo kwenye seti za bei nafuu madukani utapata tyubu ya waridi, na mtoto wa mtaa wa Namatala hapa Mbale akitaka kumchora dada yake anafikia tyubu nyeusi au ya kahawia, akapaka uso wote sawa kama ukuta. Ngozi nyeusi haina rangi moja. Mweke mtu chini ya mwembe saa tisa alasiri: paji linapokea buluu ya anga, shavu la upande wa shamba linachukua kijani cha migomba, na chini ya kidevu kuna wekundu wa udongo unaorudisha jua. Weusi wa tyubu huua yote hayo. Mimi huchanganya kahawia nyekundu, ile siena ya kuchoma, na buluu ya ultramarini. Zikikutana kwa kipimo hutoa giza lenye joto, na ukiongeza buluu giza hilo hupoa. Kwa michanganyiko ya rangi hizo mbili, pamoja na manjano ya udongo na nyeupe kidogo, nimechora watu wa rangi zote za mashariki ya Uganda.

Kila rangi ina mwendo wake. Rangi za maji hutaka uamuzi wa haraka, na hewa ya ziwani Jinja huzichelewesha kukauka, kwa hiyo kingo za shavu huyeyuka zenyewe kwa namna ambayo mkono haungeweza. Akriliki hukauka kabla hujarudisha brashi kwenye maji, hasa mchana wa Desemba. Rangi za mafuta ndizo nizipendazo kwa picha ya sura, kwa sababu haziruhusu haraka. Tabaka la chini liwe jembamba na tapentaini, la juu liwe nono na mafuta, na kati ya tabaka moja na lingine ungoje. Kungoja huko kuna faida nyingine: anayechorwa hana budi kurudi. Mara ya kwanza anakuja na uso aliouandaa kwa ajili ya wageni. Anaporudi tena na tena uso huo unachoka, na mwingine unajitokeza, ule wanaoujua watu wa nyumbani kwake.

Mbale nafanya kazi mchana ukishageuka. Jua la asubuhi huchelewa, kwa kuwa linapaswa kupanda nyuma ya ukuta wa mlima Wanale, na kabla halijafika mji wote uko kwenye mwanga baridi usio na kivuli. Alasiri jua linapiga genge lile la mwamba moja kwa moja, na mwanga unaorudi kutoka huko unaingia dirishani kwangu ukiwa laini. Wazee huonekana vizuri kwenye mwanga huo. Mikunjo haiwi makovu, inakuwa njia.

Kwa muda sasa nachora pia juu ya nguo ya gome la mti, ile ya mutuba, ambayo utengenezaji wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Gome huvuliwa bila kuua mti, shina hufunikwa kwa majani ya mgomba hadi liote gome jipya, na gome lililovuliwa hupigwa kwa nyundo za mbao hadi liwe nguo pana ya rangi ya kutu. Kwa mchoraji wa watu weusi ni kama jibu: uso unaanza ukiwa tayari na joto, unaongeza tu mwanga na giza. Nilimfuata mzee mmoja wa Bugembe, Msoga, nikiwa na kipande kizuri mkononi.

“Mzee, nataka nikuchore juu ya hii.”

Akaishika, akaipapasa kwa kiganja. “Mwanangu, hii tuliwafungia wazazi wetu. Si ya mtu anayekunywa chai.”

“Siku hizi wanaitumia kwa mambo mengi, mzee. Mifuko, picha, nguo za harusi.”

“Najua. Wafanye. Mimi nichore kwenye karatasi. Hiyo itakuja kwa wakati wake.”

Nikamchora kwenye karatasi, kwa rangi za maji, kikombe mkononi. Picha iko sebuleni kwake, na wajukuu humketisha mzee kando ya picha hiyo ili walinganishe pua. Mzee yule alinionyesha mpaka ambao kitabu hakingenionyesha: kifaa cha kuchorea nacho kina adabu yake, na anayechorwa ana haki ya kuchagua.

Maji yanayopita Jinja husafiri maelfu ya kilomita hadi Misri, na huko, kwenye bonde la Fayum linalonyweshwa na Nile, zilipatikana picha za sura ambazo kila mchoraji wa Afrika anapaswa kuziona. Zilichorwa kati ya karne ya 1 na ya 3 baada ya Kristo, juu ya mbao nyembamba, nyingi kwa rangi iliyochanganywa na nta ya nyuki. Zinazojulikana leo zinakaribia 900. Zilifungwa juu ya uso wa maiti iliyokaushwa, lakini macho yake ni ya watu walio hai, makubwa na yenye unyevu, na wataalamu wanabishana kama nyingine zilichorwa wenyewe wakiwa hai na kutundikwa nyumbani kabla ya kifo. Kwa jicho la fundi naamini baadhi yao waliketi. Mwanga ule kwenye mboni, na kivuli kile cha pembe ya mdomo, mtu huvipata kwa kumtazama mwenzake. Majina ya wengi wao yamepotea.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia Mbale. Watu walikufa, nyumba zikaenda. Pamoja na nyumba zilikwenda albamu za picha. Baada ya hapo walinijia ndugu wa familia moja ambao mama yao alikuwa amefariki miaka ya nyuma, na picha yake pekee ilikuwa imechukuliwa na maji. Waliniomba nimchore kwa maneno. Nikashika penseli laini na kifutio, wao wakasema. Kaka mkubwa alimkumbuka mama mwembamba, mwenye macho makali. Kitinda mimba alimkumbuka mnene, mwepesi wa kucheka, ana mwanya. Walibishana juu ya paji lake, wakabishana juu ya nywele, na kila mmoja alikuwa anasema kweli, kwa sababu kila mmoja alilelewa na mama wa umri tofauti. Simulizi ya Trowell inaweza kuzaa soko zima lenye watu wake. Kwa uso wa mtu mmoja haifiki.

Kisha binti akasema, “Macho yake yalikuwa ya mama mdogo.” Wakaenda kumleta. Mama mdogo akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, akaweka mkoba wake magotini, akatulia. Nikachora macho yake, halafu watoto wakasahihisha kidevu, wakasahihisha mashavu, na polepole sura ya dada yake ikaanza kuja juu ya karatasi. Ilikuwa kazi ndefu. Ilipokamilika walinyamaza, wakakubaliana kwamba huyo ndiye.

Mama mdogo hakuwa amesema neno tangu aketi. Alipoinuka aliuliza, “Na mimi?” Hapakuwa na aliyewahi kufikiria. Alikuwa hai, macho yale yale yakiwa usoni mwake, na wote walikuwa wamemtazama kutwa nzima ili wamwone mtu mwingine. Walimwagizia picha yake siku hiyo hiyo, ya rangi za mafuta, ili arudi mara nyingi. Alirudi, akachagua nguo yake mwenyewe, akaniambia nisimpunguzie umri.

Msomaji, Waswahili walisema asiyekuwapo na lake halipo. Usimngojee mzazi wako, bibi yako au mwalimu wako awe hayupo ndipo uitafute sura yake. Wachoraji wapo: Jinja, Mbale, Soroti, Kisumu, Mwanza, Tanga, mji wowote ulio karibu nawe. Mpeleke mzee wako, au mwite mchoraji nyumbani, na mlipe haki yake. Mwache mzee achague kiti chake na nguo yake, aseme anachotaka kionekane na anachotaka kiachwe. Kaa naye wakati anachorwa, maana katika ukimya ule wazee husimulia mambo ambayo hukuwahi kuyauliza. Nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, chukueni picha za simu kama msaada tu, lakini kila juma mketishe mtu mmoja aliye hai mbele yenu na mmuulize kama mmemchora sawa.

Na picha ikishakamilika, igeuzeni nyuma muandike kwa kalamu isiyofutika: jina kamili, kijiji, mwaka, na jina la aliyechora. Picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, huwa ya mtu yeyote.